Filamu za Saa Nane Mchana

Mzee wangu wa kwanza Landani alikaa ghorofa ya saba, Lewisham, kwenye jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi siku ikijisikia. Alikuwa na miaka themanini na minne, mapafu mabovu, mguu wa kushoto usioinuka, na ulimi mkali. Kampuni iliyoniajiri ilinipanga kwake mara tatu kwa siku: asubuhi kumwamsha, kumwogesha na kumpa chai, mchana kumlisha, jioni kumlaza. Kila mara nusu saa. Ukiingia unabonyeza simu, ukitoka unabonyeza simu, na ukizidisha dakika mtu wa ofisini anapiga kuuliza kulikoni.

Mimi nilikuwa mwalimu. Nilifundisha Kiswahili na historia katika sekondari moja Morogoro kwa miaka kumi na mmoja. Ajira ya serikali niliiacha kwa barua niliyoiandika kwa mkono wangu, tena kwa furaha, na nusu ya mtaa wetu ilinisindikiza mpaka stendi. Basi siku niliyopiga magoti kumvua soksi mwanamume nisiyemjua, akaniangalia utosini na kusema, "Mikono yako ni ya baridi, love," nilishuka ghorofa zote saba kwa miguu huku nalia. Sikujua kwamba wazee wa huku humwita mpenzi hivyo hata mtu anayewauzia gazeti. Nilidhani amenivunjia heshima. Kesho yake nikamwambia kwamba kwetu mtu wa umri wake tunamwita mzee, na kwamba ni neno la heshima. Alilijaribu mdomoni mara mbili tatu, akasema linamfaa.

Wiki ya kwanza sikuzingatia alichokuwa akitazama. Nilipasha chakula moto, nikampa dawa, nikaandika kwenye daftari kwamba amekula na amekunywa. Lakini televisheni ilikuwa imewashwa kila nilipoingia mchana, na kila mara picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kuna stesheni moja ambayo saa nane huonyesha filamu za zamani. Mimi filamu za Kiingereza nilizozijua zilikuwa za majumba ya kifalme na magari yanayokimbizana. Hizi zilikuwa na nyumba zilizobanana kama meno, mabomba ya viwanda yanatoa moshi, wanawake wamejifunga vitambaa kichwani, nguo zimeanikwa uani na mvua inazinyeshea. Kiingereza chao sikukishika. Nikawaza, huyu mzee amekosa cha kutazama.

Siku moja nilisimama na sahani mkononi. Kwenye kioo mwanamke alikuwa anamenya viazi. Anamenya tu. Nyuma yake mwanamume katupa mgongo, ananawa kwenye sinki. Dakika moja ikapita, hakuna aliyesema neno.

"Hapa kuna nini?" nikauliza. "Mbona hakuna kinachotokea?"

"Tazama dirisha," mzee akasema. "Unaona jua linavyoingia na kumwangukia mikononi?"

"Naona."

"Hilo si jua. Ni mimi."

Ndipo aliponieleza. Alikuwa fundi wa taa. Katika ujana wake alitoka karakana ya umeme hapa hapa kusini mwa Landani, akachukuliwa na watu waliokuwa wakipiga filamu za maisha ya wafanyakazi, akazunguka nao miji ya kaskazini kwa miaka mingi. Siku ile ya viazi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Yeye alisimama uani juu ya kreti la bia, kashika taa kubwa, mwenzake akaikinga taa kwa mwavuli. Yeye hakukingwa. Walikaa hivyo kwa muda wa saa saba ili yule mwanamke apate jua la mikononi.

"Lakini kwa nini mpige picha ya mtu anayemenya viazi?" nikauliza. Kweli sikuelewa.

Alitafuna kwanza, akameza. "Kwa sababu mama yangu alimenya viazi maisha yake yote, na hakuna mtu aliyewahi kumtazama."

Simu yangu ikalia. Nilikuwa nimezidisha dakika nne.

Tangu siku hiyo nikawa nikibonyeza kutoka, kisha narudi kuketi. Kati ya mzee huyu na mgonjwa wangu wa pili nilikuwa na saa nzima isiyohesabiwa popote, ambayo wenzangu waliimalizia vituoni wakisubiri basi. Mimi nilikula chakula changu kwenye kiti cha marehemu mkewe na kutazama filamu. Mzee alinifundisha kuzitazama kama mimi nilivyowafundisha watoto kusoma shairi: usikimbilie mwisho, ona lililo mbele yako. Alinionyesha taa ilipofichwa nyuma ya kabati. Alinionyesha kivuli ambacho kilitokea kwa bahati mbaya wakakiacha. Majina ya mafundi hayakuandikwa mwishoni, lakini yeye alijua kila chumba alichokiwashia.

Kuna mchana mmoja nisioweza kuusahau. Mwanamume wa kwenye filamu alirudi kutoka kiwandani, akavua koti, akakunja mikono ya shati, akanawa mpaka kwenye viwiko, taratibu, bila kusema neno, na mkewe akamsogezea taulo bila kumtazama. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo Morogoro mpaka kilipofungwa. Hivyo ndivyo alivyonawa, kwenye beseni uani, na hivyo ndivyo mama alivyomsogezea kitambaa. Nimesoma vitabu vingi na nimefundisha historia ya viwanda kwa chaki, lakini sikuwahi kumwona baba yangu mahali popote nje ya ua wetu. Nikamkuta kwa Mwingereza asiyejua hata Morogoro iko wapi. Nililia mpaka mzee akazima televisheni.

"Unamjua huyo?" akauliza.

"Namjua," nikasema.

Akaiwasha tena.

Ujumbe wa kampuni uliingia Jumanne asubuhi nikiwa kwenye basi, nimevaa sare. Serikali imeinyang'anya kampuni leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje, na sisi sote tuliokuja kwa viza zake tusimamishe kazi kuanzia siku hiyo. Mwenye kampuni alikuwa ameleta watu wengi ambao hakuwa na kazi ya kuwapa, na sasa amekamatwa. Sisi tuliokuwa na kazi ya kweli tuliingia kwenye shimo lile lile. Baadaye ikaja barua rasmi. Nilikuwa na siku sitini za kumpata mwajiri mwingine mwenye leseni. Nisipompata, niondoke nchini.

Nilishuka kwenye basi katikati ya njia nikasimama tu. Watu walinipita. Kituo kile hakikuwa changu wala sikujua ni wapi.

Nilikuwa nikiishi na dada mmoja wa Bukavu, mkimbizi wa zamani aliyekwisha kupata karatasi zake, anasafisha ofisi mjini. Tulipanga naye vyumba viwili, jiko moja. Aliisoma ile barua akiwa amesimama, akanirudishia.

"Dada, usikufe moyo," alisema kwa Kiswahili chao. "Mungu iko."

"Mungu yupo, lakini siku ni sitini."

"Mimi nilingoja myaka tisa. We anza kutembea kesho. Ukikaa kitandani utalala mpaka wakufukuze."

Nikaanza kutembea. Niliomba kazi kwa mtandao usiku na mchana, lakini kwa mtandao hujibiwi, kwa hiyo nilibeba karatasi zangu kwenye faili la plastiki nikazunguka nyumba za wazee mlango kwa mlango: Lewisham, Catford, Eltham, nikavuka mto. Kila mahali walikuwa na upungufu wa wafanyakazi. Mabango yalining'inia milangoni, tunaajiri, tunaajiri. Wakisikia kudhamini, uso unafungwa. Mmoja aliniambia kwa upole kwamba tupo wengi sana wa aina yangu, kila wiki wanakuja. Nilijiona niko kwenye foleni nisiyoiona mwanzo wala mwisho.

Alasiri, miguu ikichoka, nilikwenda kwa mzee. Alikuwa amepewa mhudumu mwingine na halmashauri, mama mmoja wa makamo ambaye alimwogesha vizuri tu, lakini mzee alimchukia kwa sababu hakuwa mimi.

"Huruhusiwi kunigusa?" aliniuliza siku ya kwanza niliyokwenda bila sare.

"Siruhusiwi kufanya kazi. Nimekuja kama mgeni."

"Basi mgeni, keti. Imeshaanza."

Ilikuwa filamu ya mwanamke anayekwenda ofisini kuomba nyumba. Anaambiwa asubiri kwenye benchi. Kamera inakaa usoni mwake. Watu wanaitwa, yeye haitwi. Mwishowe anakuja mfagizi na dekio lake, anadeki kuzunguka miguu ya yule mwanamke, naye anainua miguu kidogo ili asimsumbue. Basi. Nilitaka kutoka nje. Wakati mzee aliponionyesha filamu za kwanza nilizitazama kama mgeni kwenye nyumba ya mtu. Sasa nilikuwa kwenye lile benchi.

Mama yangu sikumwambia. Jumapili alipopiga simu ya video nilivaa sare, nikasimama jikoni karibu na mlango kana kwamba natoka. "Kazi inaendaje, mwanangu?" "Inaenda, mama." "Na yule mzee wako?" "Hajambo, anakusalimu." Hilo la pili angalau lilikuwa kweli.

Siku ya thelathini na moja mtu alinielekeza Kingsbury, kwenye nyumba ndogo ya wazee ya Mhindi mmoja ambaye, niliambiwa, ni wa kwetu. Nilipanda treni mbili. Barabara nzima ilinukia bhajia na ubani, maduka ya sari, maduka ya vyombo vya chuma cha pua, na nikamkuta mwenyewe ofisini, mzee mfupi mwenye sweta la kufuma. Nikamsalimu kwa Kiingereza. Akatazama karatasi zangu, akainua kichwa.

"Morogoro? Mimi mtu ya Mwanza. Babangu alikuwa na duka pale."

Miaka hamsini hajarudi, na Kiswahili chake kilikuwa kizima, cha dukani, cha kuongea na watu. Aliagiza chai ya maziwa yenye tangawizi. Akaniuliza habari za samaki, habari za mawe ya ziwani, kama vile mimi natoka huko jana. Tulicheka. Nakumbuka nilivyoshika kile kikombe kwa mikono miwili, najiambia, ni hapa, nimefika. Alinipitisha kwa wazee wake. Bibi mmoja wa Kigujarati aliposikia Kiswahili alinishika mkono akaanza kunihesabia watoto wake waliozaliwa Kampala.

Tuliporudi ofisini, akafunga mlango. Kisha akasema, "Binti, leseni mimi sina. Niliomba mara mbili, walikataa, wanasema nyumba yangu dogo. Kama ningeweza, ungeanza leo."

"Kwa nini basi hukuniambia mlangoni?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Akainamia meza. "Nilitaka kuongea kidogo," alisema.

Nilichukua faili langu nikatoka. Bado namwonea haya yule mzee, kwa sababu nilimwacha ameshika birika anataka kuniongezea chai.

Nilipomsimulia mzee wangu, alikasirika kuliko mimi. Alizima televisheni filamu ikiwa katikati, jambo ambalo hakuwahi kufanya isipokuwa siku ile niliyolia.

"Nani mbunge wa hapa?" aliuliza.

"Mimi sina kura, mzee."

"Mimi ninayo. Ninayo tangu kabla hajazaliwa."

Mbunge wa eneo lile alikuwa na siku ya kusikiliza shida za watu, Ijumaa alasiri, katika ukumbi wa jumuiya mwendo mfupi wa basi. Mzee alisema atakwenda mwenyewe. Nilimkatalia. Nilimwambia mapafu yake hayawezi, nilimwambia tutaandika barua. Lakini sikumkatalia kwa nguvu zote, na hilo ninalijua mimi peke yangu. Ijumaa hiyo zingekuwa zimebaki siku kumi na tisa. Ndani yangu kulikuwa na mtu anayesema, mwache aende, Mzungu mzee kwenye kiti cha magurudumu, huenda wakamsikiliza.

Ijumaa ilikuwa na mvua. Nilimvalisha makoti mawili na kofia, nikamfunika magoti kwa blanketi na juu yake mfuko wa plastiki. Lifti ilikubali. Dereva wa basi alitushushia ubao wa kupandishia kiti, mama mmoja akakunja kigari cha mtoto wake ili tupate nafasi. Mzee alikuwa na furaha kama mtu anayekwenda harusini. Miezi minne hakuwa ametoka nje.

Ukumbini tulikalishwa kwenye foleni ya viti. Palikuwa na mlango unaofunguka kila dakika, na kila ukifunguka upepo wa mvua ulimpiga usoni. Niliomba tusogezwe, wakasema tutapoteza nafasi yetu. Tulisubiri saa mbili na zaidi. Mzee alitazama dari.

"Chumba kama hiki nilikiwashia," alisema. "Tulitumia taa mbili tu. Mwongozaji alitaka kionekane kama hakuna anayejali."

Tulipoitwa, mbunge mwenyewe hakuwepo, ameitwa bungeni. Tulimkuta msaidizi wake, kijana wa kike nadhifu mwenye kompyuta, ana sauti ya kubembeleza. Mzee alijieleza vizuri. Alisema, huyu mwanamke ananiosha, ananilisha, ananisikiliza, ameacha shule aliyokuwa anafundisha ili aje kunivua soksi, na sasa mnamfukuza kwa kosa la bwana mwingine. Mnasema hamna wahudumu. Huyu hapa.

Msichana alichapa yote. "Tunaweza kuiandikia wizara," alisema. "Majibu huchukua wiki kadhaa."

"Amebakiwa na siku kumi na tisa."

"Ninaelewa."

"Huelewi!" mzee akapiga kelele. "Huelewi hata kidogo!" Na hapo kikohozi kikamshika. Alikohoa mpaka akawa wa zambarau, nikampiga mgongo, nikampa dawa ya kuvuta, na kilipotulia niliona blanketi limeloa. Alikuwa amejikojolea. Aliona kwamba nimeona. Watu wote ukumbini walikuwa wametugeukia, kisha wote kwa pamoja wakaanza kutazama simu zao.

Nilimsukuma mpaka chooni. Nilimfuta kwa karatasi za kufutia mikono na maji ya bomba, baridi, nikamvua suruali, nikamfunga sweta langu kiunoni na koti moja juu yake.

"Tulidhani tukiwaonyesha wataona aibu," alisema. Alikuwa anatazama vigae. "Tulikuwa vijana. Tulisema, watu hawajui tu, wakiona watabadilika. Wakaja sinema, wakaona. Wengine walilia. Kisha wakatoka wakaenda kula."

"Mimi niliona," nikamwambia.

"Wewe umechelewa miaka sitini, love."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu ile siku ya soksi. Wakati wa kurudi basi likachelewa, tukasimama kituoni mvua ikitupiga ubavuni.

Jumapili alikuwa na homa. Jumatatu yule mhudumu mwingine aliita gari la wagonjwa. Nilikwenda hospitali, nikakuta binti yake amekwisha kufika kutoka pwani ya kusini anakoishi, mwanamke wa umri wangu mwenye macho ya baba yake. Tulikuwa tumezungumza kwa simu mara nyingi, na siku zote alinishukuru. Sasa alinitoa nje ya wodi.

"Wanasema alikwenda nje Ijumaa. Kwenye mvua. Kwenye basi. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa ajili yako?"

Nilitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyeng'ang'ania. Ingekuwa kweli. "Kwa ajili yangu," nikasema.

Hakupiga kelele. Angepiga ningefarijika. Aliniangalia tu, mwanamke aliyechoka ambaye baba yake yuko kwenye oksijeni, akasema, "Nilidhani wewe ndiye unayemlinda," akarudi ndani.

Siku hiyo nilimpigia mama bila sare, na haikuwa Jumapili. Nilikuwa nimekaa kwenye ukuta mfupi nje ya hospitali. Nilimwambia yote, kazi ilivyokatika, siku zilivyobaki, mzee nilivyomtoa nje. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua kazi hakuna," alisema. "Mtu anayetoka kazini huwa na njaa. Wewe ulikuwa hata huulizi nimepika nini." Kisha akasema, "Rudi nyumbani, mwanangu. Mahali pa kulala papo."

Nikamwambia nitarudi. Kwa siku tisa nilikuwa mtu anayerudi. Nilipanga nguo zangu kitandani, yule dada wa Bukavu akazitazama, akanipikia ugali wa muhogo na sombe, kisamvu cha kwao, akaniwekea sahani iliyojaa. Nilikula nusu. Alikula iliyobaki ili isionekane nimekataa.

Siku ya hamsini na tatu simu ikalia. Nyumba moja ya wazee huko kaskazini, kwenye mji ambao viwanda vyake vilikufa zamani, ilikuwa imesoma maombi yangu niliyoyatuma nikiwa bado na matumaini. Wana leseni. Mfanyakazi wao mmoja ameondoka ghafla. Je, ninaweza kuanza baada ya wiki mbili? Nilijibu ndiyo kabla aliyepiga hajamaliza. Nikakaa sakafuni jikoni. Sikufurahi. Nilikuwa kama mtu aliyesukumwa dirishani akanasa kwa nguo.

Mzee hakurudi tena ghorofa ya saba. Kutoka hospitali alipelekwa moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee karibu na binti yake kwa muda, kisha ikapatikana nafasi nyingine pembezoni mwa Landani. Niliomba ruhusa kwa binti kumuaga. Aliniandikia anwani na saa tu.

Nilimkuta kwenye ukumbi wa pamoja, amepungua nusu, shati si lake. Televisheni kubwa ukutani ilikuwa ikionyesha watu wanashindana kupika keki. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamweleza: nimepata kazi, nakwenda kaskazini, ni mbali, nitapiga simu.

"Na wewe pia," alisema.

"Mzee, sikuchagua."

Akageuza uso kwenye keki. Nikamweleza tena, pengine hakusikia vizuri. Alikuwa amesikia. Nilikaa pale nikiwa sijui la kufanya na mikono yangu, kisha nikaona kucha zake zimekuwa ndefu, zina uchafu. Nilikuwa na mkasi mdogo kwenye pochi. Nikachukua mkono wake wa kulia nikaanza kukata. Hakunizuia, wala hakunitazama. Nilipomaliza wa kulia alinipa wa kushoto. Nusu saa ilipoisha mhudumu wao alikuja kumchukua kwa chai.

Kule kaskazini nilipiga simu mara nne. Mara mbili aliambiwa ni mimi akasema amelala.

Alifariki mwezi wa pili wa baridi. Binti yake alinitumia ujumbe siku tatu baada ya mazishi. Nilikuwa kazini, namlisha uji bibi mmoja asiyefumbua macho, na niliusoma baada ya kumfuta mdomo. Ulikuwa ujumbe wa adabu. Alinishukuru kwa nilivyomtunza baba yake, akasema alinitaja mara kwa mara. Hakusema alinitaja kwa maneno gani. Kuhusu ile Ijumaa hakuandika chochote.

Nilimjibu pole, na Mungu amlaze pema. Lakini kuna swali moja ambalo nimeliandika kwenye simu mara nyingi tangu siku hiyo, kwamba je, madaktari walisema ni ile mvua, au angeumwa tu. Ninaliandika lote, ninalisoma, ninalifuta. Mwaka wa pili sasa. Sijalituma.